Faili Yenye Jina Sahihi

Binti yangu haamini jina la faili. Ukimletea programu ya simu ndani ya flashi na kumwambia ni ileile ya kutumiana ujumbe, ataitazama kama mama wa sokoni anavyomtazama samaki aliyefunikwa kwa majani: huenda ni mzuri, lakini kwanza afunuliwe. Ana nyumba ndogo ya kazi katika komini ya Kasuku hapa mjini, karibu na mahali ambapo pikipiki hungojea abiria. Watu humletea simu zilizokataa kuwaka, kompyuta za shule na za zahanati, na zaidi ya yote huja kutafuta programu. Hapa Kindu mega za intaneti ni ghali na reso, yaani mtandao wa simu, ni ya kubahatisha. Programu haitushukii kutoka hewani kama kwa watu wengine. Inasafiri. Inapanda ndege mfukoni mwa mtu, inapanda pikipiki, inahama kutoka simu hadi simu, na kila aliyeipata humgawia mwenzake kama watu wanavyogawiana kaa la moto asubuhi.

Mimi ni mzee wa reli. Nilimaliza shule ya sekondari, nikaajiriwa stesheni, nikafundishwa foni, ile redio ya kupelekea ujumbe mbali. Kompyuta nimeijua uzeeni, kwa kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya binti yangu na kuuliza maswali mpaka achoke. Kwa hiyo jambo hili nalieleza kama nilivyoelezwa.

Kila faili ina alama yake. Ndani ya kompyuta kuna programu ndogo ya kupimia. Unaipa faili, nayo inaisoma yote, tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka kitu, inaisaga, halafu inatoa mstari mmoja wa herufi na tarakimu sitini na nne. Faili iwe kubwa kama filamu au ndogo kama barua, mstari una urefu uleule. Isage tena kesho, isage Kisangani au Kinshasa, mstari utatoka vilevile. Lakini mtu akigusa kitu kimoja tu ndani ya faili, hata nukta, mstari wote unageuka, si pale palipoguswa peke yake. Na ukiwa na mstari mkononi huwezi kurudi nyuma ukaipata faili, kama vile huwezi kuurudisha unga ukawa muhogo.

"Na nikiipa faili mbaya jina la faili nzuri?" nilimwuliza siku ile ya kwanza.

"Papa, jina unaandika weye mwenyewe. Faili haina kinywa ya kukatala."

"Na huo mstari, tunaulinganisha na nini?"

"Na ule wa wenye kutengeneza programu. Lakini haufai ukuje kwa flashi moja na faili. Muntu mwenye kuchafua faili, nini itamukataza kuandika na alama yake pembeni?"

Basi binti yangu alikuwa na mwenzake wa kazi huko Kisangani, ambako reso ina nguvu. Huyo hufungua ukurasa wa watengenezaji wenyewe na kutusomea alama kwa simu. Kupokea alama ikawa kazi yangu. Binti yangu alisema nina sikio la reli. Mtu wa Kisangani anasema, mimi narudia, yeye anathibitisha, halafu tunalinganisha na kile kilichotoka kwenye mashine yetu. Herufi zinazotumika ni kutoka A hadi F tu, nami nilizitamka kama tulivyozitamka foni, kwa majina ya mahali.

"A ya Ankoro. B ya Bukama. C ya Coquilhatville."

"C ya nini, muzee?"

"Coquilhatville."

"Njo wapi huko?"

"Ni Mbandaka, wakati wa Wabelgiji."

"Sasa si useme Mbandaka?"

"Mbandaka haianzi na C."

Binti yangu alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Tangu siku ile, mtu wa Kisangani akipiga simu husema kwanza, "Nipe yule muzee wa Wabelgiji."

Mtu mwingine aliyenitania kwa ajili ya foni alikuwa jirani yetu, mama mmoja mwenye shamba upande wa barabara ya Kailo. Hakuniita kwa jina la mtoto wangu kama wengine. Aliniita papa wa foni. Akipita na kikapu chake asubuhi hupaza sauti kutoka njiani, "Papa wa foni, unanisikia?" Nami hujibu, "Tano kwa tano, mama!" ndivyo tulivyojibu foni sauti ikifika safi. Watoto wa mtaa walidhani hiyo ndiyo salamu ya Wakristo wa reli.

Jina hilo alinipa wakati wa vita. Treni zilikuwa zimesimama, majani yameota kati ya reli, na mji umefungwa pande zote. Kilichobaki kutuunganisha na watu wetu ni foni chache, na moja ilikuwa katika ua wa misheni, ambako waliniomba nikaishike kwa sababu niliijua. Ilikula nguvu za betri ya gari. Watu walifika na alfajiri kukaa chini ukutani, kila mmoja akingoja kusikia kwamba fulani yuko hai. Ujumbe ulikuwa na sheria moja niliyoitoa reli: anayetuma husema mwishoni idadi ya maneno. Anayepokea huhesabu. Hesabu ikikataa, ujumbe haujafika, hata kama unasikika kuwa na maana.

Jirani yangu alikuwa bado mke kijana, na mtoto mgongoni. Mumewe alifanya kazi ya reli kama mimi, na vita vilimkuta Kongolo. Siku moja sauti ya Kongolo ikaja nyembamba, katikati ya kelele kama mafuta ya moto, nikaandika: Niko muzima. Chukua mutoto, mukuje huku. Halafu ile sauti ikasema, maneno kumi.

Nilikuwa na sita.

Mama alikuwa amekwisha kusimama. Alisikia "mukuje huku," na hiyo ilimtosha. Nyuma yake watu walianza kunung'unika kwamba betri inakufa.

"Amesema nikuje!" alinilalamikia. "Weye umesikia!"

"Nimesikia sita. Kaa, mama."

"Papa, achia na wengine basi!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka mlangoni. "Maneno ine njo itakula betri yetu yote?"

Niliomba Kongolo warudie. Walirudia, sikupata kitu. Nikaomba tena. Safari ile yakaja: Niko muzima. Chukua mutoto, mukuje huku, kiisha mimi kutuma muntu. Yaani asitoke mpaka aletewe mtu wa kumwongoza njia. Mama alikaa, akafungua kitambaa cha mgongoni na kumnyonyesha mtoto palepale sakafuni. Alingoja. Mtu wa kumwongoza hakutumwa kamwe, wala sauti ya mumewe haikurudi tena, ingawa nilimwita mara nyingi kuliko betri ilivyoruhusu. Lakini yeye na mtoto hawakuingia msituni peke yao katika siku zile mbaya, na ndiyo maana akanipa jina. Nililipenda. Nililipenda kupita kiasi, nadhani.

Mtoto yule alikua, akawa kijana mrefu mwenye kuongea kwa haraka. Akaenda Kampene kuchimba madini, kama wengi. Mama yake si msomaji, kwa hiyo kijana hakumwandikia. Alimtumia sauti, kwa ile programu ya ujumbe ambayo kila mtu anayo. Reso ikifika, simu ya mama ililia, naye aliibonyeza na kuiweka sikioni akiwa bado ameshika jembe. Mvua zilipokuwa nyingi shimo likaanguka. Kijana akazikwa hukohuko. Mama alipata habari, alipata rambirambi za wenzake, na hakupata kitu kingine cha mtoto wake. Simu ya kijana, aliambiwa, imebaki chini ya udongo.

Zikabaki zile sauti. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba, alisikiliza moja au mbili. Ukuta wetu ni wa matofali mabichi, na mimi nikinywa chai nilisikia marehemu akimwambia mama yake aanue muhogo.

Mwaka mmoja baadaye, binti yangu alikuwa amekwenda Kailo kwenye matanga ya upande wa mume wake, na mimi nilibaki kuchunga nyumba ya kazi. Mwenzangu wa zamani wa reli, fundi wa mabehewa, alikuja kucheza dama nami kibarazani. Mama akatokea, simu mkononi, hana kikapu wala jembe.

"Papa wa foni, simu iko nakatala."

"Inasema nini?"

"Nimesomewa kule sokoni. Inasema nimezeeka."

Fundi alicheka. "Hata simu imeona!"

"Si weye, mama," nilisema. "Ni programu njo imezeeka. Inataka mupya."

Hakucheka. Alinipa simu kwa mikono miwili. "Mutoto iko ndani mule. Sijamusikia tangu jana."

Nilitazama. Ilikuwa kama nilivyofikiri: toleo lake lilikuwa limepitwa na wakati na programu haikukubali kufunguka mpaka iwekwe jipya juu yake. Katika kompyuta ya binti yangu kulikuwa na toleo lililopimwa, lakini nalo lilikuwa la zamani mno. Reso siku hiyo haikuweza kuleta kitu kikubwa namna ile. Ningemwambia mama angoje binti yangu arudi. Nilikuwa karibu kusema hivyo.

"Hiyo?" fundi alisema, akitoa simu yake ambayo imejaa kila kitu. "Niko nayo. Mupya kabisa. Nilipewa na muntu alishuka na ndege."

"Umeipima?"

"Nipime nini? Jina njo ile, picha njo ile. Ama unataka nikuletee cheti yake ya ubatizo?"

Mama alicheka kidogo safari hii, na hicho kicheko chake kiliniondolea uzito wote. Fundi akanirushia ile faili. Nilisoma jina lake herufi kwa herufi. Lilikuwa sahihi. Ukubwa wake ulikuwa karibu sawa na nilivyozoea kuona. Kompyuta ilikuwa mbele yangu, programu ya kupimia ilikuwa imefunguliwa, na mtu wa Kisangani alikuwa mahali fulani na simu yake. Niliihamishia ile faili kwenye simu ya mama na kubonyeza.

Simu ilikataa. Ikaandika kwamba programu haikuwekwa. Nikabonyeza tena, ikakataa tena.

"Njo kawaida," fundi alisema. "Zile mbili haziwezi kulala kitanda moja. Ondoa ya zamani kwanza. Sisi wote tunafanya vile."

Ni kweli, wote hufanya hivyo. Katika mtaa wetu, ambapo programu hutoka mkono hadi mkono, simu ikikataa mpya watu huondoa ya zamani, na mara nyingi mambo huenda sawa. Nami nilikuwa nimeona mara nyingi. Nilishika ile ya zamani, na simu ikaniuliza kwa Kifaransa kama nataka kuiondoa pamoja na data zake zote. Nilikielewa Kifaransa kile. Nilijiambia kwamba sauti zitakuwa kwenye kadi ya kumbukumbu, kwa kuwa picha zake zilikuwa huko. Sikuifungua kadi nione. Mama alikuwa amesimama karibu yangu, akinitazama usoni kama alivyonitazama miaka ile, na mimi sikutaka aone kwamba papa wa foni hajui. Nikabonyeza ndiyo.

Ile mpya iliingia mara moja. Rangi ileile, picha ileile. Ikauliza namba yake, tukaiandika, ikafunguka. Ndani hamkuwa na kitu. Ukurasa mweupe.

"Anakuja?" mama aliuliza.

"Ngoja reso," nilimwambia.

Aliketi kwenye benchi akangoja reso mpaka mchana ukaisha. Fundi alikusanya dama zake mapema akasema ana kazi nyumbani.

Binti yangu aliporudi alikuta simu mezani, na ndani yake matangazo ya dawa za nguvu na michezo ya bahati yakijifungua yenyewe. Hakuniuliza swali lolote mpaka alipomaliza kuisaga ile faili ya fundi. Mstari ukatoka. Akampigia mwenzake wa Kisangani, akanipa simu niipokee alama ya kweli. Herufi ya kwanza tu haikufanana. Nilitaka kunyamaza hapo, lakini binti yangu akasema, "Malizia, papa," nikaisoma yote hadi mwisho, na yule wa Kisangani safari hii hakufanya mzaha.

"Hii si programu ile," binti yangu alisema. "Muntu aliifungua, akaitia mambo yake, akaifunga na kuirudishia jina."

"Ndiyo maana simu ilikataa?"

"Ndiyo. Simu nayo inakagua muhuri ya mutengenezaji. Iliona muhuri si ya yule wa kwanza. Ingekuwa ya kweli, papa, ingelala juu ya ile ya zamani, na sauti zingebakia palepale."

Sauti hazikuwa kwenye kadi. Programu ile huziweka tumboni mwake yenyewe, na nilipoliondoa tumbo niliondoa kila kitu. Nakala haikuwepo popote, kwa sababu mama hakuwa na mega za kuhifadhi nakala mbali. Binti yangu aliijaribu simu ile siku mbili kwa kila kifaa alichokuwa nacho. Alipata vipande vya picha za arusi ya mtu mwingine. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

"Nitamwambia mimi," alisema.

"Hapana. Ni mimi niliyebonyeza."

Nilimkuta mama uani kwake, akimenya muhogo. Nilisimama badala ya kukaa, nikamweleza: kwamba faili ilikuwa na jina tu, kwamba simu ilinikatalia mara mbili, kwamba nilikuwa na njia ya kuipima na sikuipima, kwamba fundi alitoa faili lakini kidole kilikuwa changu. Kisu chake kiliendelea kumenya. Aliposimamisha kisu aliuliza jambo moja.

"Hata ile ya kuku?"

Sikujua ile ya kuku ni ipi. "Zote, mama."

"Bon," alisema. "Uende sasa, papa."

Asubuhi zilizofuata alipita njiani na kikapu chake bila kupaza sauti. Nami sikuwa na haki ya kuwa wa kwanza kusalimu. Nilikunywa chai yangu, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya, sufuria tu na maji. Nilikuwa nimemnyamazisha mtu aliyekwisha kufa. Sijui niiseme namna gani nyingine.

Wazo lilikuja nikiwa sifikirii lolote, wakati binti yangu alipokuwa akimweleza mteja kwamba ujumbe wa sauti ni faili kama faili nyingine: inakaa kwa aliyeipokea, na inakaa pia kwa aliyeituma. Simu ya kijana ilikuwa chini ya udongo. Lakini mama aliwahi kusema, akicheka, kwamba mtoto wake huishiwa betri kila mara na kuazima simu ya mwenzake wa shimoni. Basi kama kijana aliwahi kutuma kwa simu hiyo, na kama mwenzake bado yu hai na simu yake i hai, sauti ipo.

Sikumwambia mama kitu. Nilikuwa nimemwahidi reso na kumwachia ukurasa mweupe. Sikutaka kumwahidi tena. Nilikwenda pale pikipiki zinapongojea abiria na kuuliza kila dereva wa njia ya Kampene. Wengine walidhani natafuta mdeni wangu. Mmoja aliniuliza, "Papa, huyo muntu hana jina?" Nikamwambia analo, lakini ninalolijua ni la utani, lile waliloitana shimoni. Akacheka akasema kwamba Kampene jina hilo ndilo la kweli. Alikwenda, akarudi, hakumwona. Akaenda tena. Safari ya tatu alirudi na namba ya simu.

Yule mwenzake alikuwa ameacha kuchimba, anauza mafuta ya taa na sabuni. Nilimweleza mimi ni nani na nilifanya nini.

"Ziko mbili," alisema. "Sijazifuta. Sikuwa na roho ya kuzifuta."

Nilitaka azitume saa ileile. Binti yangu akaninyang'anya simu. Alimwomba kwanza asiguse kitu, asisasishe kitu, asimwazime mtu simu. Halafu aende kwa mtengenezaji wa simu mbovu wa hukohuko, wazinakili zile faili mbili kwenye kompyuta na kuzisaga palepale, kabla hazijasafiri. Mimi nilipokea alama zake kwa sauti, mstari mmoja kisha wa pili, nikirudia kila herufi. Mtengenezaji yule alikuwa na haraka.

"Muzee, kwani ni faili ya benki?" alisema. "Sauti mbili tu."

"Endelea, baba. A ya Ankoro."

Ya kwanza ilifika jioni ileile, na alama yake ikalingana. Ya pili ilifika asubuhi, jina sawa, na ukubwa wake ulionekana kuwa wa kawaida. Binti yangu akaisaga. Mstari ulikuwa mwingine kabisa. Njiani reso ilikuwa imekatika ikaunganishwa, na kitu kilikuwa kimepotea ndani. Labda kidogo. Labda kikohozi tu. Nilimpigia yule mtengenezaji nikamwomba aitume tena, na alipolalamika nikamwomba tena, na nikamsikiliza akinitukana kwa adabu. Ya mara ya tatu ikalingana kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Wala mimi wala binti yangu hatukuzifungua zile mbili kuzisikiliza. Hazikuwa zetu.

Binti yangu aliiondoa ile programu ya uongo, akaisafisha simu, akaweka ya kweli, iliyopimwa. Zile sauti mbili aliziweka nje ya programu, kwenye kadi, na nakala kwenye kadi nyingine. Kisha akaniambia nizipeleke.

Mama alikuwa uani kwake tena, safari hii anapepeta mpunga. Nilimwambia maneno machache: ni mbili tu, zimetoka kwa mwenzake wa Kampene, nyingine hazitarudi. Niliweka simu juu ya kigoda, karibu na mkono wake.

Alijifuta mikono kwenye kitenge. Aliibonyeza ya kwanza. Kijana akasema, kwa ile haraka yake, "Mama, umeamuka muzuri? Mimi njo hapa, betri yangu imekufa, niko kwa simu ya mwenzangu. Muhogo umeanua? Mvua iko nakuja huku, itafika na kwenu." Basi. Ilikuwa fupi kuliko nilivyotumaini. Mama aliibonyeza tena, halafu tena, akiitikia mahali pa kuitikia. "Nimeanua," alimwambia. "Nimeanua, baba."

Ya pili alipoifungua, sauti ilikuwa nyingine, nzito, ikimsalimu mama na kumwambia kwamba mtoto wake amelala kwa uchovu, ni mzima, asiwe na wasiwasi. Mama akanitazama.

"Huyu si yeye."

"Njo yule mwenzake," nilisema. Nilikuwa nimepima alama, nimeibishania kwa siku mbili, na sikujua ndani yake yumo nani. "Niiondoe?"

"Acha!" Aliufunika mkono wangu kwa mkono wake haraka, kama mtu anavyomzuia mtoto asiguse jiko. Akaisikiliza tena, ameinamisha kichwa. "Sikia. Kule nyuma. Njo yeye anakoroma."

Nilisikiliza. Nilisikia mvua juu ya bati na pengine pumzi ya mtu. Sikusema kwamba sikuwa na hakika.

"Anakoroma kama papa yake," mama alisema.

Alinisogezea kigoda kingine kwa mguu, nikakaa. Alichukua ungo wake akaanza kupepeta tena, pumba zikiruka.

"Ile ya kuku," alisema, "sikukuambia. Alinunua kuku kule Kampene, alitaka anitumie kwa motari, yule wa pikipiki. Kuku akakata kamba. Akakimbia, yeye nyuma, motari nyuma, watu wote nyuma. Kuku akaingia kwa duka ya muntu mwenye kuuza vitanda."

"Wakamkamata?"

"Chini ya kitanda ya bei kali. Na mwenye duka anasema, sasa mununue kitanda, kuku amekwisha kuipima!" Aliiga sauti ya mwenye duka, halafu sauti ya mtoto wake akiisimulia, ile haraka yake, na akacheka mpaka ungo ukatikisika.

Siku hizi hunisimulia zile zilizopotea, moja moja, jioni anapotoka shamba. Yeye ndiye huchagua. Nyingine ni maagizo tu ya sabuni na chumvi. Ile ya kuku ameisimulia mara kadhaa. Jumapili iliyopita, aliposimulia, kuku hakuingia katika duka la vitanda. Aliingia kanisani, katikati ya mahubiri, akapanda mimbari, na mwenye kupiga kelele alikuwa mhubiri.

"Na mtoto akafanya nini?" nilimwuliza.

"Akapiga magoti," mama alisema. "Angefanya nini? Watu walikuwa wanamuangalia."